Kinyozi, Mama Yake na Chupa ya Bakteria Wazuri

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo, mimi ni msomaji wako wa siku zote, gazeti lako huwa liko mezani kwenye saluni yangu na wateja hugombania ukurasa wako hata kabla ya ule wa mpira, sasa leo nimeona niandike mwenyewe maana yamenifika shingoni, naomba unisaidie kabla mimi na dada yangu hatujawa maadui wa kudumu.

Mimi ni kinyozi, na balaa lote lilianzia tumboni. Labda hujawahi kulifikiria hili, lakini mteja akikaa kwenye kiti cha kunyolea, sikio lake linakuwa sawasawa na tumbo la kinyozi, na tumbo langu mimi, mshauri, lilikuwa halijui kunyamaza, linanguruma, linalalamika, linauliza maswali, mpaka mteja anageuka kuniangalia huku mashine iko kisogoni, na wakaanza kuniita Ngurumo, jina likashika hadi mke wangu akaulizwa sokoni kama yeye ndiye mke wa Ngurumo. Na huko kunguruma ndiko kulikuwa nafuu, maana kuna siku upepo nao ulikuwa unataka kutoka na mimi nimesimama nyuma ya mtu mzima mwenye heshima zake, nabana mpaka jasho linanitoka, halafu nakimbilia kuongeza sauti ya redio hata kama wanasoma matangazo ya vifo.

Basi mteja wangu mmoja anayeuza virutubisho akanihurumia, akaniletea chupa ya vidonge vya ganda laini lenye unga ndani, akasema mle ndani mna bakteria wazuri walio hai, ukiwameza wanashuka tumboni wanawafukuza wale wabaya, wanatuliza gesi na kupandisha kinga ya mwili, ila akanisisitiza niwatunze, na nimeze baada ya kula nikiwa nimekaa, si kama nilivyozoea, mkate mkono huu, mkasi mkono ule, halafu soda ya baridi kwa mkupuo mmoja. Mimi nikifundishwa jambo nalishika. Nikaanza kufunga mlango mchana, nakaa, natafuna taratibu, nakunywa maji, namalizia na kidonge changu. Na kuhusu kuwatunza, sikufanya mchezo, chupa niliiweka mahali pasafi kuliko pote kwenye saluni nzima, ndani ya kile kisanduku cha umeme cha kuulia vijidudu, kile kinachopiga joto na taa ya buluu, ambamo nahifadhi mikasi, vitana vya chuma na meno ya mashine, nikasema hawa ni wageni wa heshima, wakae kwa usafi. Baadaye vidonge vilianza kushikana, nikawa navibandua kimoja kimoja, nikafurahi kimoyomoyo nikijua wanazaliana.

Mshauri, tumbo lilinyamaza! Wateja wakaanza kuuliza kama naumwa. Na mimi nikawa mhubiri, kila anayekaa kwenye kiti haondoki bila kusikia habari za bakteria wazuri.

Sasa shida yenyewe ni hii. Mama yangu anatibiwa saratani, anawekewa dawa ya mshipani hospitalini, na daktari amesema kinga yake imeshuka sana, wageni wapungue na mwenye mafua asisogee. Anakaa kwa dada yangu mkubwa. Amekonda, nywele zinamtoka mafungumafungu, anajifunga kitambaa kichwani na hataki kukifungua mbele ya mtu yeyote, hata mbele yangu mimi niliyenyoa nusu ya mji huu. Niliposikia neno kinga, akili ikaniambia dawa si unayo? Nikanunua chupa nyingine, ya mama peke yake, mke wangu akaikamata akaiweka kwenye friji akisema kitu cha mama hakiwezi kulala na mikasi, nami sikubishana naye.

Nilipoipeleka, dada akanisimamia mlangoni, mikono kiunoni.

"Umemuuliza daktari?"

"Dada, daktari wa nini? Mimi mwenyewe si ushahidi?"

"Mama anaumwa saratani, haumwi upepo! Wewe ukishashika mkasi unajiona umesomea udaktari?"

Na mama akaita kutoka chumbani, sauti imekwisha kabisa, "Mwacheni mwanangu. Akinipa yeye, nitameza." Nikarudi na chupa ile ile nikilia barabarani, mtu mzima na ndevu zangu, mke wangu akairudisha kwenye friji. Tangu hapo dada hapokei simu.

Sasa nimepanga Jumamosi, dada akiwa kazini, niende nikampikie mama uji, ukipoa nifungue vidonge nichanganye unga wake humo kimyakimya, bila yeye wala dada kujua. Je, niende, au kuna maneno ya kumlainisha dada kwanza? Naogopa, mshauri. Naogopa mama anaondoka na mimi nimekaa tu mikono mitupu.

Ni mimi, Kinyozi Ngurumo.

JIBU

Marahaba, Ngurumo. Nilisoma barua yako nikacheka mpaka chai ikanipalia, nikaisoma tena nikaacha kucheka. Tuanze na la kuchekesha, halafu tugombane.

Turudi kwenye kile kisanduku. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba ni cha kuulia vijidudu. Sasa bakteria ni nini, baba? Hata awe mzuri, mpole, mwenye adabu zake, bado ni kijidudu. Umeletewa wageni walio hai, ukawalaza kwenye joto linalosafisha mikasi, ukafunga na mlango! Vile vidonge havikushikana kwa kuzaliana, lilikuwa ganda linayeyuka. Sikuwepo humo ndani, lakini kwa ninavyoona, mchana baada ya mchana umekuwa ukimeza maiti na kuwashukuru kwa kazi nzuri.

Utaniuliza, basi nani alilinyamazisha tumbo? Wewe. Uliacha kula umesimama, ukaacha kumeza mkate na hewa kwa pamoja, ukaacha soda, ukaanza kutafuna kama mtu asiyefukuzwa. Huenda kiti ulichokalia kimekusaidia kuliko chupa. Sisemi vidonge hivi ni uongo, wapo watu wenye matatizo fulani ya tumbo ambao aina fulani huwasaidia, lakini kusaidiwa tumbo la gesi hakukufanyi wewe kuwa ushahidi wa kila ugonjwa, na neno "kinga" likibandikwa kwenye chupa haliwi tiba ya kila kilichopungua mwilini.

Sasa tugombane. Umeona kuna chupa mbili? Ya kwako iliungua kisandukuni. Ya mama iko kwenye friji, mke wako kaitunza vizuri bila kujua. Maana yake wewe mzima wa afya umemeza waliokufa, na mama yako, ambaye daktari anaogopa hata mafua yasimkaribie, ndiye unayetaka kumpa walio hai. Ulifikiria kweli?

Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari, jambo ambalo wewe na dada yako mligombania mlangoni na ukashindwa kulifanya. Akaniambia kwamba mtu ambaye kinga yake imeshuka namna hiyo, hata bakteria anayeitwa mzuri anaweza kupenya mahali pasipomhusu akamletea maradhi mabaya, na kwamba mgonjwa wa aina hiyo hapewi kitu chochote, cha kopo wala cha chupa, mpaka wanaomtibu waseme ndiyo. Huo uji wako wa Jumamosi usiutie hata akilini. Homa ikimpanda mama Jumapili, wataanza kutafuta imetoka wapi, na atakayekuwa anajua kilichomo kwenye bakuli ni wewe peke yako, umesimama pembeni na siri yako. Utaisema, au utabana kama unavyobana kule saluni?

Na lile neno la mama, "akinipa yeye, nitameza," wewe limekupa nguvu. Mimi limenitisha. Mtu anayekuamini hivyo hutakiwi kumjaribishia kitu hata siku moja.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo kabla hujafungua saluni. Itoe chupa kwenye friji, nenda nayo kwa dada. Usipige simu, hatapokea, na mimi ningekuwa yeye nisingepokea. Mkabidhi mkononi umwambie, "Dada, ulikuwa sahihi, nilipaswa kumuuliza daktari." Ukifika hapo funga mdomo. Usiweke "lakini," nakujua, wewe ni mhubiri. Kisha mwombe uende nao hospitalini siku ya dawa, muulizeni daktari pamoja, na akisema hapana, mjadala umekwisha. Dada yako amebeba mzigo huo peke yake muda mrefu, mtu wa kumsaidia kumpeleka mama hospitalini hatamkataa. Na kwenye saluni, wale uliowahubiria waambie ukweli wa kisanduku. Watakucheka, vumilia.

Nimalizie na lile lililoniuma. Umesema unaogopa kukaa mikono mitupu. Ngurumo, tangu lini mikono yako ikawa mitupu? Mama ana kitambaa kichwani na chini yake nywele zinatoka mafungumafungu, haoni mtu wa kumfungulia, na mtoto wake aliyenyoa nusu ya mji anazunguka mtaani na chupa. Siku hiyo hospitalini uliza na hili, kama anaruhusiwa kunyolewa. Wakikubali, tumia mashine, si wembe, maana kwa mtu kama yeye hata kikwaruzo kidogo ni mlango wa vijidudu. Toa ile chupa yako kisandukuni uitupe, weka meno ya mashine, washa mpaka kimalize kazi yake, na kwa mara ya kwanza kisanduku hicho kitakuwa kimemfanyia mama kitu cha maana. Nawa mikono. Usikiguse kitambaa chake, mwombe akifungue mwenyewe. Akikataa, kaa naye tu, mpigie soga za wateja wako, kesho utamwomba tena.

Akikubali, mnyoe taratibu. Sikio lake litakuwa pale pale kwenye tumbo lako, na likinguruma, usikimbilie redio. Mwache mama asikie, acheke.