Kona ya Spika ya Kushoto

Mke wangu,

Chai iko kwenye chupa. Fundi wa vanishi akija, mwambie leo hatupaki.

Asubuhi ulipopapasa kona ya ile spika ya kushoto, ukarudi chumbani, ndipo nilipokumbuka. Mimi niliona vishimo viwili kwenye mbao, nikavipiga msasa mpaka pakawa laini. Kumbe ni meno ya marehemu mwanetu, alipokuwa akisimama kwa kujishikilia pale na kuing'ata. Hakuwahi kuota mengine. Fundi mzima, nikaona kasoro tu.

Nikirudi ~~namalizia spika ya kulia~~ ya kulia siigusi.

Vumbi la msasa lililo chini ya meza yangu ya kazi, nakuomba usilifagie.

Baba yake