Mafuta ya Alizeti Siyo Kofia

Jumanne, Ihanja. Upepo wa Juni umevuma tangu asubuhi, na ubaridi wake unamfanya mtu asahau kwamba jua linamuunguza. Nina hasira. Leo msinidai adabu.

Mdogo wangu Rehema, mwenye ualbino, ana kidonda nyuma ya sikio. Huu ni mwezi wa tatu hakijapona. Leo nimempeleka hospitali, daktari akakata kinyama kikapimwe kama ni kansa ya ngozi. Majibu bado.

Njiani tukirudi nikamfokea. Kwa nini aliacha losheni yake ya jua aliyopewa hospitali? Akanishangaa.

"Dada, si wewe uliandika?"

Mimi.

Msimu uliopita, tulipokamua alizeti yetu, niliandika humu humu kwenye blogu yangu kwamba mafuta yake yana vitamini E, na kwamba vitamini E inakinga kansa ya ngozi. Nilisoma mahali, hata sikumbuki wapi. Nilitaka madumu yetu ya mafuta yanunuliwe. Rehema akasoma, akaamini. Akawa anajipaka mafuta ya mashineni kila asubuhi, halafu anakwenda uwanjani kupiga alizeti mbegu zitoke, kichwa wazi. Nilimwona aking'aa, nikamsifia!

Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo limeniuma. Alisema tule vizuri, vitamini na madini mwili unayahitaji, na kama yanapunguza kansa hii wataalamu bado wanachunguza. Ila hakuna chakula wala kidonge kinachofanya kazi ya kofia, mikono mirefu na losheni. Mafuta ya kupikia tupikie.

Tumefika nyumbani, tukamkuta shangazi ana ushauri wake: "Mnunulieni vidonge vya zinki, hicho kidonda kitakauka." Nilishamwamkia, basi nikatoka nje nisije nikamkosea heshima. Na yeye kasikia mahali.

Lile andiko sijalifuta. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba si kweli, na kwamba aliyeumia ni mdogo wangu. Nisomeni mnitukane, nastahili.

Kesho alizeti inapigwa. Mchana uwanja ni wangu peke yangu, Rehema atakaa ndani mpaka jua lipungue. Amekubali bila kubisha, kama alivyokubali mafuta.

Majibu yakija mabaya, nitamtazamaje mtu aliyeniamini mimi kuliko daktari?