Aliyevusha Gari Korongoni

Kwako dada yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba kikohozi cha baba kimepungua. Mimi mwili ni mzima, chakula kinapita, kazi ipo. Nafsi ndiyo haijatulia, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kwa sifa, nami ningenyamaza tena.

Ni kuhusu ile safari ya msituni niliyokusimulia mwezi uliopita. Mengi niliyokuambia ni kweli. Ni kweli tulitumwa mimi na Sista, muuguzi wa hospitali yetu, kumchukua mpasua mbao aliyeangukiwa na gogo mguuni. Ni kweli ile si barabara; ni njia ya zamani ya kukokotea magogo, mizizi imetuna kama mishipa, matope yanameza nusu ya tairi. Kwenda tulitumia saa nne nzima, na mvua ilikuwa bado. Niliendesha vizuri, dada. Hapo sikudanganya.

Mvua ilitukuta tukirudi, mgonjwa amelazwa nyuma. Tulipofika kwenye lile daraja la magogo mawili, gogo moja lilikuwa limesogea, na chini korongo linanguruma kwa maji. Sista alishuka, akapima kwa hatua, akasema tairi zitaenea, ila kwa shida. Akaongeza kwamba mguu wa mgonjwa unabadilika rangi, na tukizunguka njia nyingine tutafika kesho.

Sasa soma nisichokuambia. Niliweka gia, nikaachia klachi, gari likazima. Nikawasha, likazima. Mara ya tatu nikagundua si gari, ni mguu wangu wa kushoto unaotetemeka. Nikafungua mlango, nikashuka, nikamwambia Sista siwezi, turudi tulikotoka. Hakunifokea. Alisema tu, "Acha ufunguo hapo hapo. Panda nyuma ushike dripu." Kumbe amekulia shambani akiendesha trekta.

Nilikaa nyuma nimefumba macho. Yule mpasua mbao, mguu umevunjika mara mbili, ndiye aliyenishika mkono akaniambia, "Jikaze, kaka, tunafika." Tulivukaje, sijui. Sikuona.

Tulipoikuta lami, Sista alinirudishia usukani ili akae na mgonjwa. Kwa hiyo hospitalini watu waliniona mimi nikishuka kwenye kiti cha dereva, matope hadi kwenye nyusi. Bosi alinikumbatia mbele ya wote. Nikaulizwa nimevukaje, nikajibu, "Taratibu tu." Maneno mawili, dada. Kisha nikakupigia wewe na kuyafanya mia.

Mguu wa yule bwana umeokolewa. Mimi nikateuliwa kuwafundisha madereva wapya kupita msituni. Juzi nilimwuliza Sista kwa nini amenyamaza muda wote huu. Alikuwa anakunja bandeji, hakuinua hata kichwa. Alisema alikuwa ananingoja.

Jana asubuhi niliingia kwa bosi nikasema yote, mlango wazi, karani anasikia. Nilitamani bosi anitukane. Badala yake akasema kazi yangu ipo, ila darasa litakuwa la Sista, na mimi nitakaa mstari wa mbele pamoja na hao wapya. Nimekubali. Uso sina wa kukataa.

Limebaki lililo gumu kuliko bosi. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, na uliniambia hakuna jirani ambaye hajamsimulia jinsi nilivyovuka. Tafadhali msomee barua hii, usiruke hata mstari. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Ila akicheka, niandikie unieleze amecheka wapi.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na shemeji umwambie namheshimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba