Maji Kwanza, Dawa Baadaye

Mpendwa dada Mwanaidi,

Shikamoo. Najua hutaitikia leo, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo, mama angenishangaa. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu sina pengine pa kuituma barua hii. Namba yako haipatikani, na ujumbe wangu wote tangu mwezi wa mfungo umekaa na tiki moja moja. Huenda mtu aliye huko uliko akaisoma, akakuambia kuwa mdogo wako wa Korogwe anakuulizia.

Nianze na nywele, maana ungeniona ungezishika hizo kabla hata hujaniuliza habari. Zimeharibika, dada. Dawa ya kunyoosha uliyoniweka Jumapili ile kabla hujasafiri imeteremka mpaka usawa wa masikio. Juu yake kimeota kipilipili kigumu cha baba, ambacho sijakiona kichwani mwangu tangu nilipomaliza kidato cha nne na kuacha kunyolewa. Chini laini, juu ngumu, na pale zinapokutana ndipo zinapokatikia. Kila nikipitisha chanuo linatoka na kitu.

Hapa dukani ninapouza vitambaa watu wananipongeza. "Umerudi asili, dada! Hongera! Unatumia mafuta gani?" Mmoja aliniambia nina msimamo. Msimamo gani? Mimi sikuamua kitu chochote. Nimekosa tu mkono wa kuniweka dawa.

Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Nilikwenda saluni moja karibu na stendi, binti akanikalisha, akanipaka mafuta ya mgando masikioni na kwenye paji la uso, vizuri tu. Alipofungua kopo nikageuka kutazama ndoo ya maji. Ilikuwa tupu. Nikamuuliza maji yako wapi. "Usijali dada, bomba lipo hapo nje, yakihitajika tutachota." Nikavua taulo lake nikaondoka, na mafuta yananing'aa usoni kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Wewe usingethubutu. Saluni yako pale nyumbani Chanika ilikuwa chumba kimoja, kioo kimoja, viti viwili, na lile pipa la bluu lililokula nafasi ya kiti cha tatu. Handeni maji ni ya kutafuta, na zilikuwapo siku ambazo muuza maji hakupita na toroli lake. Siku hizo uligoma kabisa. Unamkumbuka yule mke wa mwalimu aliyekuwa na harusi ya mdogo wake kesho yake? Alikubembeleza mpaka akakaribia kulia. Ukamwambia, "Mama, maji kwanza, dawa baadaye. Dawa ikishashika haimsubiri mtu." Akakasirika, akajifunga kitambaa, akaenda harusini hivyo hivyo. Wiki iliyofuata alirudi, na ulimkuta amekaa mlangoni kabla hujafungua.

Mimi ulikuwa unaniweka jioni, wateja wakiisha. Unapaka, unalaza na mgongo wa kitana, halafu unauliza, "Inawasha?" Nami najibu, "Bado." Ilikuwa inawasha, dada. Kichwa kizima kilikuwa moto na machozi yananilengalenga, lakini nilitaka zilale kama za wale wanawake wa kwenye picha ukutani kwako. Unauliza mara ya pili, najibu bado. Mara ya tatu huulizi. "Bado yako naijua mimi," unasema, na shingo yangu umeshaiinamisha kwenye beseni, na maji yanashuka. Nilikuwa nafumba macho. Sijapata raha nyingine inayofanana na ile ya maji ya kwanza.

Ulipokwenda Uarabuni kwa kazi za ndani ulikuwa unapiga kila Ijumaa. Mama anaongea nawe kwanza, halafu zamu yangu. Siku moja nikakutania, "Vipi huko, inawasha?" Ukacheka sana, ukasema, "Bado." Ikawa ndiyo salamu yetu. Halafu ukaanza kupiga kwa kunong'ona. Halafu ukaacha kupiga kwa mama, ukawa unapiga kwangu tu, mchana, nikiwa kazini. Mara ya mwisho nilisikia bomba limefunguliwa kwa nguvu nyuma yako, nikajua umejifungia bafuni. Nikakuuliza, bila utani safari hii, "Dada, inawasha?"

Ukasema, "Bado, mdogo wangu."

Nikaijua. Ilikuwa bado yangu ile ile, sasa imetoka mdomoni mwako. Lakini wewe ulipoisikia kwangu ulikuwa na pipa zima la maji nyuma ya mgongo. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye duka la watu, futi ya kupimia mkononi, na mteja ananiambia niharakishe kwa sababu basi lake la Hale linaondoka. Nikakuambia, "Nipigie jioni." Jioni hukupiga, na simu yako haijapatikana tena.

Wakala aliyekupeleka anasema tuvute subira. Tulikwenda ofisini kwake, tukaambiwa turudi na nakala, tukarudi na nakala, tukaambiwa tusubiri. Mama kila siku anapiga simu kuuliza kama nimepata chochote, nami namjibu sijapata, mpaka naona haya kuingia nyumbani mikono mitupu. Sina ninachoweza kufanya, dada. Nasema hivyo hivyo, kwa sababu nimechoka kujifanya ninacho.

Fundi mmoja amenishauri nikate ncha zote, nianze upya na hizi za asili. Anasema nitapendeza, na naamini ni kweli. Lakini zikikatwa, kichwani mwangu hautabaki hata unywele mmoja uliopita mikononi mwako. Nami nisipozikata zinakatika zenyewe. Ulinifundisha nywele hazitupwi ovyo, nizitumbukize chooni mtu asizichezee. Hizi nimeshindwa. Naziweka ndani ya kopo tupu la dawa nililolichukua siku tulipofunga saluni yako.

Wiki iliyopita nililala Chanika, mama akalikuta lile kopo chini ya mto wangu. Alipolifungua alipiga ukelele mpaka jirani akaja na mwiko wa ugali mkononi. Alidhani nimerogwa! Nilipomweleza kuwa ni nywele zangu, na kuwa ni wewe uliyezinyoosha, alikaa chini. Kisha akafunga kifuniko akalirudisha mwenyewe pale pale chini ya mto.

Jioni yake akaniita kwenye mkeka. "Njoo nikusuke. Huwezi kurudi kazini na kichwa hicho. Nakusuka twende kilioni tu, haraka haraka."

Unajua ni mtindo tu, ile mistari minene ya kurudi nyuma tuliyosukwa tangu utotoni, na jina lake halikuwahi kutushughulisha. Safari hii lilipomtoka mkono wake uliacha kuchana. Nilisikia ameshusha chanuo mapajani.

"Basi mabutu," akasema.

Akanisuka mabutu, mimi mtu mzima. Nimerudi Korogwe na vijipembe vya mbuzi kichwani, wateja wanacheka, nami nawaacha wacheke. Wakati ananisuka, mama alipofika pale nywele zinapokatikia alipunguza mkono, akauliza, "Nakuumiza?"

"Bado," nikasema.

Mama hajui lugha yetu. Akaitikia, "Haya," akaendelea kusuka.

Pipa lako la bluu tumelihamishia uani. Kila nikienda Chanika namsubiri muuza maji mpaka apite, nalijaza mpaka juu, nalifunika. Mama anadhani ni maji ya kufulia, ananisifu siku hizi nimekuwa mtu wa kazi. Mimi mwenyewe sijui nalijazia nini. Uko mbali mno kwa pipa moja la maji.

Lakini nisikilize, dada. Mimi leo naacha kudanganya. Inawasha. Kichwa kizima kinawasha, na kifua, na usiku, na mchana. Nimesema, na nimesema mbele za watu. Sasa na wewe sema. Omba simu ya yeyote, mwambie yeyote, hata neno moja tu, usiniambie tena bado.

Maji yako tayari.

Mdogo wako,
mwenye mabutu