Kibanio cha Mwisho

Kwako Baba yangu,

Mama ndiye aliyenituma nikuandikie. Amekaa kwenye mkeka hapa kando yangu, anachambua mbaazi, na kila baada ya muda ananiuliza nimefika wapi. Unamjua. Kiswahili chake ni cha sokoni, ya moyoni huyasema kwa Kimwera. Kwa hiyo ataongea yeye, nitaandika mimi. Lakini kabla ya yake nina yangu, na nataka yasomwe na kila mtu aliyewahi kukuita Jicho Moja.

Nianze na pikapu yako ya bluu, uliyobebea magunia ya korosho kutoka Nkowe kwenda Ruangwa mjini. Uliiosha kila Alhamisi, hata kama Ijumaa ilikuwa inarudi kwenye vumbi lile lile. Ulikuwa dereva mwoga, Baba, na ulijisifia woga huo. Ulipenda kuegesha kwenye mteremko, ili betri ikigoma gari lisukumwe tu liwake. Wenzako walikucheka, nawe ukacheka nao, kisha kesho yake ukaegesha pale pale.

Siku ile Matambarale hapakuwa na mteremko. Ilikuwa mchana, betri imekufa kabisa, na mwenye gari jingine alikubali kutubusti, atupe moto wa betri yake kwa waya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, najiona najua kila kitu. Ulinikabidhi waya ukaanza kunielekeza, taratibu mpaka unakera. Magari yasigusane. Yote yazimwe. Waya mwekundu uanze kwenye alama ya kujumlisha ya betri iliyokufa, ndipo uende kwenye alama ya kujumlisha ya betri nzima. Mweusi ushike alama ya kutoa ya betri nzima.

"Halafu kibanio cha mwisho," ukasema, "usikiweke kwenye betri iliyokufa. Kibane chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Betri inatoa gesi, cheche ikiifikia inalipuka. Na usibane chochote mpaka nikuambie."

Ukainama kuhakikisha kama kile chekundu kimeshika vizuri. Mwenye gari akatazama saa yake. Mimi nikawaza, kutoa si ni kwa kutoa, mzee anapenda tu kurefusha mambo. Nikakibana kibanio cheusi kwenye betri yetu, chini ya uso wako.

Betri ililipuka kwa mlio mmoja tu, na maji yake ya asidi yakakurukia. Ukiwa umefunika uso kwa mikono, swali lako la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, umeumia?" Yule bwana akaja mbio na dumu la maji, akakumiminia machoni mpaka likaisha, akakimbilia jingine. Akauliza nani kafunga waya. Ukajibu, "Mimi mwenyewe. Haraka zangu tu."

Nilisikia, Baba. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, na nikanyamaza.

Hospitalini walijitahidi, lakini jicho la kushoto halikurudi. Mama akakuandama. "Haraka yako itatuzika," alikuwa akisema, akiweka chakula mezani, akikunja nguo, hata mbele ya wageni. Aliapa hatapanda tena gari lako. Mwishowe ukaliuza, ukahamia kwenye mikorosho yako Mkotokuyana. Siku mnunuzi alipokuja kulichukua uliliosha, na haikuwa Alhamisi.

Nilikufuata shambani siku moja nikakuambia nataka kumweleza Mama ukweli. Ukauliza, "Ukimweleza, jicho litaota?" Kisha ukatoa zile waya, ulikuwa umezihifadhi, ukanipeleka kwenye gari la jirani. Ukanifanyisha kazi ile tangu mwanzo mpaka mwisho, huku ukinitazama kwa jicho lililobaki. Nikimaliza unasema, "Rudia." Nilirudia mpaka nikaweza kuifanya bila kuuliza.

Juzi tulikuwa kwenye arobaini yako. Gari la Mjomba lilipiga kaswida tangu asubuhi, injini imezimwa, na watu walipotaka kuondoka likawa halina hata mlio. Akaletewa waya zako. Nilipotoka ndani alikuwa ameinama, kibanio cheusi mkononi, anakipeleka kwenye betri iliyokufa.

"Mjomba, acha!" Nilipiga kelele mbele ya wazee wote.

"Loo, mwanangu, na wewe," akacheka. "Kosa la baba yako litatutisha mpaka lini?"

Watu wakacheka kwa upole, kama watu wanavyocheka msibani. Na Mama, pale mlangoni, akatikisa kichwa. "Haraka zake zile, Mungu amrehemu."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nilikichukua kibanio nikakibana kwenye chuma cha injini, mbali, kama ulivyonifundisha. Nikaomba gari la pili, lenye betri nzima, liwashwe. Tukisubiri dakika chache betri ipate nguvu, nikasema, "Baba hakukosea. Alinikataza. Aliyefunga ni mimi."

Mjomba akaingia, akapiga stata, gari likawaka. Nikazitoa waya kwa kurudi nyuma, nikianza na kile cha mwisho. Nilipoinua kichwa Mama hakuwepo mlangoni.

Nikarudi kwangu bila kuagana naye. Leo asubuhi amefika Nachingwea kwangu na mfuko wa mbaazi, akatandika mkeka, akasema, "Mwandikie baba yako."

Nisamehe, Baba. Uliniachia macho yangu mawili na jina langu safi, nami nikakuacha ubebe kosa langu mpaka kaburini. Naona aibu, na nakukumbuka kila ninapofungua boneti.

Sasa ni zamu ya Mama. Nimemwambia nimefika kwake. Ameacha kuchambua. Anasema: "Mwambie nilimsimanga kwa jambo ambalo hakulifanya, na hakunijibu hata siku moja. Mwambie anisamehe."

Nikadhani amemaliza, nikataka kuweka kalamu chini. Akanishika mkono.

"Mwambie na hili. Gari lile asingeliuza. Ningepanda."

Lala salama, Baba.

Ni mimi binti yako, niliyefunga waya.