Drafti Iliyopitia Ulaya

Mdogo wangu Anaeli,

Mchezo wa mtandaoni ukianza kugandaganda, wengi wetu hukimbilia kununua bando kubwa zaidi. Hilo ndilo kosa, na mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia, nililifanya kwa kujiamini kabisa.

Unakumbuka tulivyokuwa tukicheza drafti kwenye simu, mimi hapa Nkoaranga, wewe Mwanza, kila mtu na dakika yake moja kwenye saa ya mchezo? Tulikuwa tunasikiana, nawe ulinitania: "Dada, kingi wako anatembea kama anapanda Meru!" Nacheka huku naliwa kete. Halafu hatua zako zikaanza kuchelewa. Sekunde mbili, tatu, kisha inatua hatua kali. Nikaongeza bando. Ukaendelea kuchelewa. Basi nikahitimisha kwamba tatizo si mtandao, ni wewe: unaiuliza mashine ikuchagulie hatua.

"Dada, nimeshasogeza!"

"Umesogeza baada ya kuambiwa."

Kisha ukasema, "Tangu lini nimekuwa mwizi kwako?" Ukatoka mchezoni.

Wiki iliyopita alikuja fundi kufunga antena kwa jirani. Nikamwomba aangalie na simu yangu. Akapima njia inayopita data, akacheka.

"Mwalimu, seva ya mchezo huu iko Dar. Ila kampuni yako ya intaneti inapeleka data Ulaya kwanza, ndipo irudi Dar."

"Ya nini safari yote hiyo?"

"Hawajaungana na kampuni wenzao hapa nchini."

Nikueleze, maana najua utauliza. Bando kubwa ni lori kubwa: linabeba mikungu mingi ya ndizi kwa mara moja. Lakini likitoka hapa kwenda Usa River, hapo chini tu, kwa kupitia Dodoma, litachelewa tu, na mikungu itakayodondoka njiani itabidi ifuatwe upya. Kwa hiyo uliposema umeshasogeza, ulikuwa umeshasogeza kweli. Njia ndefu ilikuwa ya kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma, nikakuita mwongo.

Tangu siku hiyo situlii. Naanika kahawa, kabla sijamaliza kuigeuza narudi ndani kufungua simu. Naona alama ya kijani kwenye jina lako: upo, unacheza na wengine. Nafunga. Nafungua tena. Nimekupigia mara nne, hupokei, na sikulaumu. Asubuhi nimeandika "samahani", nikaifuta. Niliona ni fupi mno kwa mtu niliyemfundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda.

Nisamehe, Anaeli. Hukuiba hata hatua moja. Ulinishinda kihalali, na nadhani hicho ndicho kilichoniuma.

Nimekutumia mwaliko wa mchezo usio na saa, kila mtu anasogeza anapopata nafasi. Huko hata data ikizunguka dunia nzima, hakuna atakayeonekana mwizi.

Ukubali leo.

Dada yako mkubwa