Ufa Ndani ya Chuma

Jumatatu, 3 Februari
Maabara ya kiwandani nimekata miche mitatu ya chuma kama kawaida, nikaipiga msasa, nikaichovya kwenye tindikali ili kasoro za ndani zionekane. Miwili ina ufa katikati. Nje safi, huwezi kujua. Miche hii ndiyo tunayoivuta ikawa nondo, na nondo zinabeba nyumba za watu.

Jumanne, 4 Februari
Nimekagua mtambo wa kumimina chuma. Nozeli zinazonyunyiza maji ya kukipoza, za upande mmoja zimeziba kwa chokaa. Chuma kinapoa upande mmoja tu, halafu kinavutwa haraka huku ndani bado uji. Meneja anasema zitasafishwa mwisho wa mwezi, oda ni nyingi. Nina hasira. Lakini zaidi naogopa. Shabani, mume wangu, ndiye anayesimama kando ya chuma kikitoka. Lile ganda la nje lililoganda likipasuka pale...

Sitaki kuandika.

Alhamisi, 6 Februari
Nimezuia mzigo wote wa jana. Meneja kaja maabara mwenyewe.

"Mama Rehema, unataka tufunge kiwanda?"

"Nataka mtambo usimame, bosi. Leo hii."

Kaondoka bila kuaga. Mtambo haukusimama. Nyumbani nimemwomba Shabani kesho asiende kazini. Akacheka, eti wenzake watamwona mwoga. Sikula.

Ijumaa, 7 Februari
Imetokea. Ganda limepasuka, uji wa chuma ukamwagikia maji. Mlipuko. Mvuke kila mahali. Nilikimbilia huko, watu wanakimbia kutoka. Nikaita jina lake kama mwendawazimu. Walimtoa mgongo umeungua, kiatu kimoja hakipo. Anapumua.

Jumamosi, 8 Februari
Hospitali. Hasemi. Mama mkwe kafika kutoka Kigombe. Nimemwamkia, nikampisha kiti. Naogopa hata kumtazama mume wangu akilala, nisije nikaona kifua hakipandi.

Jumatano, 19 Februari
Nozeli zote mpya. Mwendo wa mtambo umepunguzwa. Nimekata mche, nimeuchovya. Katikati umeshikana, hauna ufa. Meneja alisimama pembeni, akatazama.

Shabani karudi nyumbani. Analala kifudifudi. Nilipokuwa nambadilishia bandeji akauliza, "Chuma kikoje?"

Nikasema kizima.

Akasema, "Basi nikipona nitarudi."

Nikaendelea kumfunga, taratibu, nisimuumize.